Twisted Metal 2 itazamwe kwa makini kabla ya kulaumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nijibu hoja iliyotolewa humu hivi karibuni na msomaji mwenzangu, aliyesema kwamba gemu za magari yanayopigana, hasa zile za zamani ambazo bado zinapatikana katika baadhi ya mabanda ya mitaani hapa Dar es Salaam, hazina kitu ndani yake zaidi ya kelele na milipuko, na kwamba kijana anayezipenda anapenda fujo tu. Ninaheshimu wasiwasi wake kama mzazi, na baadhi ya aliyoyasema nitayakubali hapo mbele. Lakini kwa hili la kwamba ndani yake hamna kitu siwezi kunyamaza, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokulia mbele ya gemu moja ya aina hiyo, Twisted Metal 2, na kila ninapoirudia leo, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, naona wazi kwamba iliundwa na watu waliofikiri sana kuhusu kila kilichowekwa humo.

Hoja yangu ni moja. Kilichotuvuta ni kwamba gemu ile ilimlazimisha mchezaji kuchagua, na kuchagua upesi, akiwa amekaa bega kwa bega na mtu anayetaka kumwangusha. Mlipuko ulikuja mwishoni, baada ya uchaguzi mzuri au mbaya kuwa umeshafanyika, na sisi tuliokuwa tumesimama nyuma tukisubiri zamu tulikuwa tukishangilia uchaguzi huo zaidi ya moto wenyewe.

Kwa wasioifahamu, Twisted Metal ya kwanza ilitoka mwaka 1995 kwa ajili ya mashine ya PlayStation, na ya pili, ambayo ndiyo ninayoitetea hapa, ikafuata mwaka 1996. Zote mbili zilitengenezwa na kampuni ya SingleTrac ya mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, na kutolewa na Sony; majina yanayotajwa zaidi katika uundaji wake ni David Jaffe na Scott Campbell. Watengenezaji hao wamesimulia kwamba wazo lilizaliwa kwenye foleni ya magari huko Los Angeles, walipokwama barabarani wakaanza kuwaza ingekuwaje kama gari lao lingekuwa na silaha za kusafisha njia. Mkazi wa jiji hili aliyewahi kukaa Ubungo au Mwenge jioni ya mvua hahitaji kuelezwa wazo hilo kwa kirefu.

Jambo ambalo halijulikani sana, na ambalo kwangu linaeleza mengi, ni walikotoka wahandisi wa SingleTrac. Waanzilishi wake walitoka Evans & Sutherland, kampuni ya mji uleule iliyoanzishwa mwaka 1968, ambayo ilijipatia jina kwa kutengeneza picha za kompyuta za kuwafundishia marubani wakiwa bado chini. Kazi ya watu hao ilikuwa kumfanya mtu aliyeketi kwenye kiti aamini kwamba mbele yake kuna nafasi halisi, yenye umbali, kimo na kina, na kwamba akigeuka ghafla dunia nayo itageuka pamoja naye. Ujuzi huo waliuingiza katika mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 2 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi kuhifadhi picha moja ya simu ya kawaida. Wakati gemu nyingi za magari zilimfunga mchezaji kwenye barabara inayoanzia hapa na kuishia pale, wao walimwachia uwanja mzima, wenye mapaa, mashimo, vichochoro na ngazi, bila mstari wa kuanzia wala wa kumalizia. Ushindi ulikuwa kubaki wa mwisho.

Inafaa pia kukumbuka tulikokuwa sisi. Tanzania Bara ilianza kupata matangazo ya televisheni mwaka 1994, kwa hiyo katika nyumba nyingi za Temeke na Ilala televisheni na mashine ya gemu viliingia karibu kwa pamoja, na wengine wetu tulijifunza kushika pedi kabla hatujazoea kutazama taarifa ya habari. Banda nililokuwa nikienda Tandika lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye benchi mbili, televisheni ya kioo kilichobenuka na pazia la kanga mlangoni ili mwanga usiingie. Mashine ilikuwa imegeuzwa juu chini, kwa sababu jicho lake la kusomea CD lilikuwa limechoka na likisimama wima halikusoma kitu. Mwenye banda aliiwekea kipande cha boksi chini ili moto usiiharibu meza. Ulitoa sarafu ya shilingi mia ukapewa muda wako, na ukipigwa ulinyanyuka. Gemu hii haikuhifadhi maendeleo kwenye kadi. Ilikupa alama za vitufe za kuandika, nazo ndizo zilizokuruhusu kuendelea siku nyingine, hivyo mwenye banda alikuwa na daftari la shule lililojaa pembetatu, duara na miraba ya wateja wake, na umeme ukikatika katikati ya pambano watu waliliulizia daftari kabla ya kuulizia pesa zao.

Sasa niingie ndani ya gemu yenyewe, maana msomaji mwenzangu hakuingia.

Kabla ya pambano unachagua gari, na hapo ndipo kufikiri kunapoanzia. Mr. Grimm ni pikipiki. Bodi yake ni nyepesi kiasi kwamba makombora machache yakimpata amekwisha, lakini silaha yake maalumu ni miongoni mwa kali kuliko zote, na ikipiga sawasawa inaweza kuondoa sehemu kubwa ya uhai wa adui kwa mara moja. Warthog ni gari zito la kijeshi linalostahimili kipigo kirefu, lakini halikimbii, na anayelichukua lazima akubali kwamba hatamfikia mtu anayemkimbia. Twister ni gari la mashindano lenye mwendo wa kasi na ubavu mwepesi. Hammerhead ana magurudumu makubwa ya kuwapanda wengine. Spectre anarusha kombora linalopita ukutani, kwa hiyo mbele yake kujificha nyuma ya jengo hakusaidii kitu. Roadkill anarusha silaha ambayo ikikosa hugeuka na kumrudia mwenyewe. Kisha yupo Axel, kiumbe wa ajabu kuliko wote, mtu aliyenyooshwa mikono katikati ya magurudumu mawili makubwa kuliko yeye, ambaye silaha yake ni wimbi la nguvu linalomtoka mwilini na kuwarusha waliomsogelea.

Nimetaja wachache kwa makusudi, ili msomaji aone mpangilio. Hakuna gari lililo bora kuliko mengine yote. Kila sifa imelipiwa kwa udhaifu, na udhaifu huo unaonekana mapema, kabla hujabonyeza kitufe cha kukubali, hivyo anayechagua anajitangaza ni mchezaji wa namna gani. Palikuwa na kijana mmoja pale Tandika, fundi viatu, mtu mpole sana, ambaye siku zote alichukua Mr. Grimm. Hakuwa na haraka. Alizunguka nyuma ya majengo akisubiri silaha yake maalumu ijae tena, kwa sababu silaha hizo hujijaza zenyewe polepole kadiri muda unavyokwenda, na ilipokuwa tayari alijitokeza, akapiga, akarudi alikotoka. Wengi walimwita mwoga. Mimi niliyekuwa nikichukua Warthog nilimwogopa kuliko wote, kwani nilijua nina uhai mwingi na yeye ana kidogo, lakini yeye ndiye aliyeamua tutakutana lini, na mtu anayeamua wakati wa kukutana ana nguvu ambayo haionekani kwenye mstari wa uhai. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba dawa yake ilikuwa kuacha kumfukuza. Nilipokaa juu ya njia ambayo lazima apite, nikatega bomu la kulipua kwa kitufe na kusubiri, ndipo tulipoanza kugawana ushindi.

Hayo ni maamuzi, Mhariri, yanayofanywa na kijana wa miaka kumi na mitatu ndani ya sekunde chache, akiwa na habari pungufu na adui anayefikiri. Sijui kuna jina gani jingine la kuyaita.

Viwanja navyo vinahitaji kusemwa kwa kirefu, kwa sababu huko ndiko SingleTrac walikofanya kazi ambayo wengi waliokuja baadaye hawakuifikia. Twisted Metal ya kwanza ilibaki ndani ya Los Angeles. Ya pili iliizunguka dunia, kutoka Los Angeles hadi Moscow, Paris, Amazonia, New York, Antaktika, Uholanzi na Hong Kong. Mtu anaweza kudhani ni mapambo, kwamba wamebadilisha rangi za ukuta na kuandika jina la mji. Sivyo. Uwanja wa Moscow ni mdogo na umebanwa, hauna pa kukimbilia, kwa hiyo gari zito lina raha huko na fundi viatu wetu alipata taabu. Uholanzi ni mashamba ya wazi yenye vinu vya upepo, ambako mwenye kasi na makombora ya kufuata anatawala. Amazonia ina moto wa ardhini unaomuadhibu asiyeangalia anapokanyaga. Gari lile lile lilikuwa na thamani moja Moscow na thamani nyingine kabisa Uholanzi, na mchezaji alilazimika kujifunza upya.

Paris ndiyo iliyotufanya tupige kelele mara ya kwanza. Mnara wa Eiffel umesimama pale kama picha ya kadi, na kwa muda mrefu tulidhani ni picha kweli, mpaka siku mtu mmoja alipoulipua kwa bomu, mnara ukaanguka, na mabaki yake yakawa daraja la kupandia kwenye mapaa ya nyumba, sehemu ambayo hakuna aliyekuwa amejua kwamba inafikika. Juu ya mapaa kulikuwa na silaha. Tangu siku hiyo pambano la Paris lilibadilika kabisa, kwa kuwa swali la kwanza likawa nani ataangusha mnara, na je, inamfaa auangushe sasa au auache usimame ili mwenzake asipate njia ya juu. Naomba msomaji alitafakari jambo hilo. Mlipuko mkubwa kuliko yote katika gemu nzima unafungua njia, na mwenye akili anaweza kuuahirisha kwa faida yake.

Antaktika ni kinyume chake. Pale uwanja ni barafu, na kadiri pambano linavyoendelea vipande vya barafu hiyo vinakatika na kuzama, hivyo mahali ulipojificha mwanzoni huenda pasiwepo tena baadaye. Waliokuwa na tabia ya kukaa pembeni na kusubiri wengine wauane walisukumwa katikati wapende wasipende. Watengenezaji hawakuandika kanuni kwenye skrini ya kukataza uvivu, waliipunguza ardhi. Nimewahi kusoma maelezo mengi ya jinsi ya kuunda mchezo mzuri, na bado sijaona njia safi kuliko hiyo ya kuwalazimisha watu wakutane.

Nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha mvuto wake. Wachezaji wawili walitumia televisheni moja, skrini ikiwa imegawanywa, nusu yangu na nusu yako. Maana yake ni kwamba niliona kila ulichokuwa ukikiona. Nilijua umebakiwa na uhai kiasi gani, umebeba kombora gani, umejificha nyuma ya jengo lipi. Mtu asiyezoea atasema hiyo ni kasoro, kwamba siri imeharibika. Lakini anayejua bao anaelewa mara moja: kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili na mbele ya watazamaji, wala hakuna anayeficha kitu mkononi, na bado mmoja anamfunga mwenzake kwa sababu ameona mbali zaidi. Ndivyo ilivyokuwa bandani. Kwa kuwa uliniona, ilinibidi nikudanganye kwa mwendo wa gari langu, nielekee upande wa silaha nisiyoihitaji ili ugeuze gari lako, kisha nirudi. Watazamaji walikuwa na ruhusa ya kucheka na kushangilia, lakini kumwambia mchezaji la kufanya lilikuwa kosa, na aliyerudia alitolewa nje.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kilifichika, nacho kilikuwa vidoleni. Mbali na silaha za kuokota, kila gari lilikuwa na nguvu ya akiba iliyojijaza taratibu, na nguvu hiyo ilitumika kwa kubonyeza mishale ya pedi kwa mpangilio maalumu. Kushoto, kulia, juu, halafu adui anagandishwa ndani ya barafu na kubaki hapo akingojea kupigwa. Kulikuwa na mipangilio mingine ya kuruka, ya kujikinga, ya kupiga kwa nyuma. Mipangilio hiyo haikuandikwa ukutani. Ilipita mdomo kwa mdomo kutoka banda hadi banda, na kijana aliyerudi kutoka kwa binamu zake Magomeni na mpangilio mpya alipokewa kwa heshima. Nakumbuka watu walivyokuwa wakifunika pedi kwa shati ili vidole visionekane. Palikuwa pia na hali ya kucheza wawili upande mmoja dhidi ya kompyuta, na hapo ndipo wapinzani wa jana walipojifunza kugawana silaha na dawa, mmoja akimwachia mwenzake kwa sababu uhai wake umepungua. Hayo sikuyafundishwa darasani.

Kuhusu hadithi yake nitasema kwa ufupi. Mashindano yanaandaliwa na mtu aitwaye Calypso, ambaye humwahidi mshindi kumtimizia ombi moja, lolote lile. Mwisho wa kila dereva umechorwa kwa picha za katuni zenye sauti, na karibu kila mara Calypso hutimiza neno lililotamkwa na kuiacha nia ya mwombaji, hivyo mshindi anaishia kujuta. Watoto waliolelewa kwa ngano za majini walimtambua mtu huyo siku ya kwanza. Sisi tuliokuwa na Kiingereza cha kuungaunga tulitafsiriana, na mwenye kaka aliyefika sekondari alikuwa na kazi ya ziada.

Sasa nikubali niliyoahidi kuyakubali. Gemu hizi hazifai watoto wadogo, na sisemi hivyo kwa kumridhisha mtu. Dereva anayejulikana kuliko wote, Sweet Tooth, ni mchekeshaji muuaji mwenye kichwa kinachowaka moto, anayeendesha gari la kuuzia aiskrimu, na ingawa katika gemu ya mwaka 1996 mambo yamechorwa kwa namna ya katuni, Twisted Metal: Black iliyotoka mwaka 2001 ina giza na ukatili uliolengwa watu wazima waziwazi. Mwenye banda anayemkabidhi mtoto wa darasa la pili CD hiyo amekosea, na mjumbe wa mtaa akimkemea nitamuunga mkono. Umri uangaliwe. Vilevile ni kweli kwamba baadhi yetu tulitumia bandani pesa za kununulia mihogo shuleni, na mzazi ana haki ya kulikasirikia hilo.

Lakini msomaji mwenzangu alichanganya vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa, yaani mabanda ya gemu na zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu ambazo siku hizi zimefungwa hata kwenye maduka ya vinywaji ya uchochoroni. Kule bandani ulinunua muda, na kilichoamua matokeo ni mikono na kichwa chako. Kwenye mashine ya kamari unanunua bahati, na ndiyo maana nchi hii ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya kusimamia biashara hiyo. Kuvitia vyote katika kapu moja la "mashine zinazoharibu vijana" ni kuwaonea wenye mabanda. Na kuhusu dai lake kwamba gemu hizi ndizo zinazowafundisha vijana kuendesha vibaya, nitasema tu kwamba katika Twisted Metal 2 hakuna taa za barabarani, hakuna abiria wala leseni, na hata sisi watoto tulijua kwamba pale si Barabara ya Mandela.

Mtu anaweza kuniuliza, kama uzuri wake ni huo, mbona gemu zilizofuata hazikudumu mioyoni kwa kiasi kilekile? Swali hilo ni zuri na jibu lake linathibitisha ninachosema. SingleTrac ilinunuliwa na kampuni ya GT Interactive mwaka 1997, jina la Twisted Metal likabaki mikononi mwa Sony, na ya tatu na ya nne, za mwaka 1998 na 1999, zikatengenezwa na 989 Studios. Majina ya magari yalirudi, Sweet Tooth alirudi, milipuko ilikuwepo tele. Kilichopungua ni ule uwiano kati ya uzito, kasi na uwanja. Katika ya tatu magari yalibinuka kwa urahisi kiasi kwamba mchezaji alihangaika na usukani badala ya adui, na viwanja havikumlazimisha mtu kubadili mbinu. Kama mvuto ungekuwa kelele na moto peke yake, basi tusingeona tofauti. Tuliiona siku ileile CD ilipofika, na baada ya muda mfupi watu wakaomba ile ya zamani irudishwe kwenye mashine.

Nimtaje pia mpinzani wake wa kweli, Vigilante 8 ya kampuni ya Luxoflux iliyotoka mwaka 1998, yenye hadithi ya Marekani ya miaka ya 1970 iliyobanwa na uhaba wa mafuta. Naiheshimu. Magari yake yalikaa vizuri barabarani na mabomu yake yalikuwa na ladha yake. Wapo watu wa Sinza watakaoapa kwamba ilikuwa bora zaidi, nami sitagombana nao, ila nitawauliza ni kiwanja gani cha Vigilante 8 kilichowafanya wasite kabla ya kulipua kitu.

Mwaka 2012 Twisted Metal ilirudi kwenye PlayStation 3, safari hii ikiwa na mapambano ya watu wengi kupitia intaneti. Mitambo iliyounganisha wachezaji hao ilizimwa miaka michache baadaye, na sehemu hiyo ya gemu ikawa imekwisha, hata kwa mtu aliyeinunua kwa pesa yake halali. Ile ya mwaka 1996 haikuhitaji mitambo ya mtu yeyote. Ukiwa na mashine, televisheni, pedi mbili na jirani, inafanya kazi leo kama ilivyofanya wakati ule, na mwaka 2023 Sony wenyewe waliirudisha pamoja na ile ya kwanza kwa wanachama wa huduma yao ya kulipia, katika mwaka uleule ambao tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo ilianza kuonyeshwa Marekani. Kitu kisicho na chochote ndani yake hakiitwi tena baada ya miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Kwa nini nimelieleza jambo hili kwa urefu kiasi hiki katika gazeti? Kwa sababu hapa Dar es Salaam kuna vijana, Kijitonyama na kwingineko, wanaojifunza kutengeneza gemu zao wenyewe, na baadhi yao nimezijaribu kazi zao. Nyingi zinaanza na sura: bajaji imechorwa vizuri, daladala ina maandishi yake nyuma, barabara ya vumbi inatambulika. Ukianza kucheza unakuta bajaji na lori la mchanga vinakwenda kwa namna ileile na kufa kwa namna ileile. Ningependa vijana hao wakae na Twisted Metal 2 kabla ya kuchora gari jingine lolote. Bajaji ipite kwenye kichochoro cha Kariakoo ambacho lori haliwezi kuingia, lakini lori likiifikia kwenye barabara pana iwe imekwisha. Kivuko cha Kigamboni kiondoke na kurudi kwa saa zake, na anayekitegea asiwe na uhakika kwamba atakikuta. Maji ya Bonde la Msimbazi yapande katikati ya pambano na kuifunga njia ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa salama. Jiji letu lina vitu vya kutosha kumlazimisha mtu kuchagua. Kinachokosekana ni kuviunda kwa hesabu. Na skrini igawanywe, tafadhali, ili watu wawili waweze kukaa kwenye benchi moja, kwa kuwa si kila mtu ana kifurushi cha kuchezea intaneti usiku kucha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako lina kurasa za soka zinazochambua mfumo wa uchezaji wa timu, nani alikaa wapi na kwa nini kocha alifanya mabadiliko dakika ya sitini. Tunazisoma kwa furaha. Gemu nazo zikiandikwa humu, ziandikwe na mtu aliyezicheza, kwa uchambuzi wa aina hiyo, akieleza zimeundwaje na zinamtaka mchezaji afanye nini. Kwa namna hiyo hata lawama itakuwa na uzito, kwa sababu itakuwa imegusa kitu kilichopo.

Na kwa msomaji mwenzangu aliyeandika barua ile, nasema haya kwa moyo safi. Mashine yangu ya zamani bado inawaka, na siku hizi inasimama wima maana nimeibadilishia jicho. Akipenda kuja Temeke Jumapili yoyote na mwanawe mkubwa, nitawakaribisha wote wawili. Asianze na Mr. Grimm, kwani pikipiki ile haimvumilii mgeni. Achukue Roadkill, ambalo lina kasi ya wastani na bodi ya wastani, ajifunze kwanza njia za uwanja wa Los Angeles, na akifika Paris auache mnara usimame mpaka ajue anataka kwenda wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa Temeke,
Dar es Salaam